Nimekata Mikia ya Ng'ombe wa Mahari Nikavipa Vifarasi vya Plastiki

Mwangaluka, Mama Gloria. Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie upesi, maana mkono unaoandika barua hii ndio huo huo wenye kosa, na jina langu usilitoe kabisa.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na mitatu, fundi cherehani hapa Dutwa. Tangu biashara iwe huria mitumba imejaa kila gulio, na mwaka jana mzee Abubakari, mfanyabiashara wa Bariadi mjini, alifungua belo alilodhani ni la mashuka akakuta limejaa midoli, mingi ikiwa vifarasi vya plastiki vya rangi ya waridi na samawati, nywele zimesokotana hazitamaniki, watu wakawa wanauliza hawa ni punda gani waliopakwa rangi, akakosa mteja, akanipa gunia zima kwa bei ya kutupa. Mama, sijui nikueleze vipi! Siku niliyotumbukiza cha kwanza kwenye maji ya moto, shingo ikalainika, nikazungusha kichwa kikachomoka, nikachungulia ndani nikaona vifundo vya nywele vimejipanga na kipete cha chuma chenye kutu kinachoshika mkia, nilicheka peke yangu kwa furaha, nikajua kazi hii naiweza. Nikang'oa nywele zote, nikasugua madoa, nikachora macho upya kwa rangi ya kucha, nikashona nywele mpya tundu kwa tundu, kichwa nikakirudisha. Ila nywele zilinitesa, uzi wa kufumia unalegea, katani inamfanya mnyama aonekane fagio, mpaka asubuhi moja ninakamua, ng'ombe akanichapa mkia usoni, nikaushika, nikautazama, nikasema kumbe! Nikaenda kuchukua mkasi.

Usinihukumu bado. Nilianza na mweupe kidogo tu, kisha mweusi, kisha yule mwekundu mwenye nywele ndefu zinazong'aa, na vifarasi vikapendeza mno, walimu wakanunua, wake za wanunuzi wa pamba wakanunua, mzee mmoja akaagiza chake kifanane na maksai wake wa kulimia, mabaka yote, nikampakia rangi, akaondoka anacheka njia nzima. Kuja kushtuka nimemaliza mikia ya ng'ombe wote kumi waliotengwa zizini, na hao ndio mahari ya kaka yangu Masalu kwa Milembe wa Lagangabilili, na wakwe wanakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuwakagua. Wewe unawajua wakaguzi wa kwetu, wanaanzia kwenye pembe wanamalizia mkiani, na ng'ombe asiye na shungi la mkia watasema ni wa wizi au ni mgonjwa, watageuka kwao na ndoa itakuwa imekwisha.

Baba yangu, mzee Jilala, alipoona mikia imebaki kama kamba alishika kichwa. "Huu ni mkono wa mtu," akasema. Na watu wameshaupa mkono huo mwenyewe, ni bibi Domitila, jirani yetu mjane, kwa kuwa waligombana na baba juu ya mpaka wa shamba, sasa wanataka aitwe mbele ya sungusungu. Kaka hali chakula, Milembe ametuma salamu anauliza kama ng'ombe wamenona, na mimi nimekaa hapo hapo uani nashona mkia. Nifanyeje, mama? Nikisema, kaka hatanisamehe. Au nikimbilie kwa shangazi Kiloleli mpaka nywele ziote?

Mwenye Mkasi, Dutwa.

JIBU

Mwangaluka, mwanangu. Nimecheka mpaka chai imenitoka puani, kisha nikafika kwa bibi Domitila nikaacha kucheka. Hivi una akili kweli? Unashona mkia huku mama wa watu anasingiziwa? Wewe na mimi ni watoto wa Kisukuma, tunajua uvumi wa namna hiyo humfikisha wapi mwanamke mzee anayeishi peke yake. Hilo halisubiri Jumamosi.

Majina yote nimeyabadilisha, lakini niambie, Dutwa ina mafundi wangapi wanaovisha vifarasi mikia ya ng'ombe? Gazeti hili linafika kwenu kwa basi la Jumatano. Ukimaliza mstari huu simama, nenda kwa baba yako na mkasi mkononi, useme, "Baba, mkono wa mtu ni huu." Mwache afoke, ana haki. Akimaliza, nendeni wote wawili kwa bibi Domitila, mpige magoti na baba yako aombe radhi kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Kisha umwambie kaka yako, naye atakula. Kiloleli usiende, ng'ombe wa huko bado wana mikia yao.

Nywele zitaota, mimi nimekulia zizini, ni suala la miezi. Ila ng'ombe atafukuzaje nzi kwa kamba? Mpaka ziote, mkia wao ni wewe. Vunja tawi lenye majani, kila asubuhi ukawapungie wote kumi, na wakihamia Lagangabilili uwafuate huko huko ukapunge.

Mkasi usiutupe. Mikono yako ni baraka, kilichokosekana ni adabu ya kuomba. Kwa mchinjaji nywele za mkia zinatupwa kila siku, ulishindwa nini kunyoosha mdomo?

Jumamosi usiwafiche wakwe kitu. Panga vifarasi vilivyobaki juu ya ua wa zizi, kila kimoja mbele ya ng'ombe mwenye mkia wake, wazee waje walinganishe rangi wenyewe. Wakicheka, mna harusi. Wasipocheka, Masalu afikiri mara mbili kama anaweza kuishi na ukoo wa namna hiyo.

Na chenye nywele za yule mwekundu usimuuzie mtu, kimtunzie Milembe. Ng'ombe ataenda kwa baba yake Lagangabilili, yeye atakuja kwenu Dutwa, na mkia atakuwa nao.