Tumeufunga Mkondo, Baba

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na mama naye aipokee shikamoo yake hapo alipo, hata kama mikono imejaa unga. Mmeamkaje huko Matema? Lile goti lako linakubali kushuka hadi ziwani, au bado unawaagiza watu wakakuangalizie mtumbwi kisha unagomba kwamba hawakuufunga vizuri? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nimekonda kidogo. Nakwambia mapema ili mama asishtuke kwenye picha niliyoitia humu.

Najua utauliza kwa nini naandika na simu ipo. Simu ya huku inashika ukisimama juu ya gati na kuinua mkono, na ikishika, wewe husikii, unashukuru tu, "ndaga, ndaga", kwa kila neno nilisemalo. Safari hii nina jambo refu. Mwalimu mmoja wa shule ya hapa anakwenda likizo Tukuyu, amekubali kukuletea barua mwenyewe. Mpe ndizi.

Ulishaniuliza delta ni kitu gani. Mto Rufiji ukikaribia bahari unagawanyika vipande vipande, na katikati ya vipande hivyo ni mikoko, tope na vijiji kama hiki chetu. Zahanati yangu iko ukingoni. Kwenda Kibiti ni boti hadi Nyamisati, halafu gari. Hakuna njia nyingine. Mimba ikileta shida, maji ndiyo barabara, na mjamzito hawezi kuyasubiri yajae.

Naishi kwa Bi Siwema, mjane wa Kindengereko. Siku ya kwanza alinitazama miguu akasema, "Mwanangu, kwa viatu hivi tope letu litakula hata soksi." Lilikula kweli. Yeye na kina mama wenzake hutanda uduvi katika mkondo ulio nyuma ya kijiji. Wawili wawili hushika kitambaa pande mbili, wanatembea majini hadi kiunoni, wanaimba na kusengenya. Mimi Jumamosi, zahanati ikitulia, nilikuwa nakaa mdomoni mwa mkondo huohuo na mshipi wangu. Sivui kwa ajili ya kuuza, wala si kwa njaa. Navua kwa sababu ulinifundisha, na kwa sababu samaki akigonga ndoana nasahau jina langu. Wanaume wa hapa walicheka sana mwanzoni. Mmoja aliniuliza, "Sista, mshahara haukutoshi mpaka umsumbue hongwe?"

Basi, uduvi ulianza kupungua. Samaki nao. Kina mama walikuwa wanarudi na vitambaa vyepesi. Kamati ya uvuvi ya kijiji ikaja na wazo: tuufunge mkondo kwa miezi kadhaa, tusiingize nyavu, vitambaa wala madema, mpaka samaki wadogo wakue. Watu waliguna, lakini wengi walikubali. Bi Siwema alikuwa wa kwanza kuinua mkono, na yeye ndiye aliyekuwa na mengi ya kupoteza. Kitoweo chake chote kinatoka mle.

Ugomvi ulikuja na wageni wa boti. Kuna watu wa Dar es Salaam ambao huja mwisho wa wiki na boti ya faiba, wanavua kwa fimbo zile ndefu zenye gurudumu. Kwao ni mchezo. Wanamkamata kolekole, wanapiga naye picha, wengine wanamrudisha majini. Kiongozi wao ni mzee mmoja mfanyabiashara, mpole, kila mtu humwita Mzee wa Fimbo. Ana kibali cha serikali cha kuvua kwa starehe, na kila akija humchukua Hamisi, mtoto mkubwa wa Bi Siwema, awaongoze katika mikondo. Kazi hiyo ndiyo iliyomwezesha Hamisi kuoa.

Mzee wa Fimbo aliposikia habari za kufunga, alimwendea diwani. Akasema yeye na wenzake hawatumii nyavu, kwa hiyo wasihesabiwe. Na akaahidi kwamba mambo yakienda sawa ataipa zahanati injini mpya ya boti.

Baba, hapo ndipo nilipokosa usingizi. Boti yetu ya wagonjwa ilikuwa imelala gatini tangu injini yake ife, kuku wanatagia ndani yake. Kila mjamzito aliyekuwa akiingia mlangoni mwangu, kabla sijampima presha, nilikuwa nawaza nitampitisha wapi.

Diwani alinifuata zahanati siku moja kabla ya mkutano wa kijiji. Si mtu mbaya. Mke wake mwenyewe alijifungulia mikononi mwangu. Akakaa kwenye benchi la wagonjwa, akavua kofia.

"Sista," akasema, "mimi wakinisikia watasema ni siasa, maana kura ziko karibu. Wewe hawawezi kukusema. Simama kesho, waambie tunahitaji injini. Basi. Mengine niachie."

"Na mkondo?"

"Mkondo utafungwa. Kwa wenye nyavu."

Nikamjibu nitafikiri. Usiku kucha nilikuwa nikijigeuza kitandani.

Mkutano ulifanyika kiwanja cha shule. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya madirisha. Afisa uvuvi alikuwa amekuja kutoka Kibiti, akaeleza vizuri: kibali cha wageni ni halali, nao wana haki ya kuvua kama mtu mwingine mwenye kibali, lakini kibali hakimpi mtu ruhusa ya kuingia palipofungwa. "Sasa semeni nyinyi," akasema. "Mnamfungia nani? Mkisema nyavu, tutaandika nyavu. Mkisema kila mtu, tutaandika kila mtu."

Mzee wa Fimbo akasimama, akasalimia kwa adabu. Akasema anaipenda delta kuliko nyumbani kwake, na kwamba samaki anayemrudisha majini hapungukiwi na kitu. Wengine walitikisa vichwa kukubali. Diwani akadakia, "Na si wageni tu. Hata sista wetu huvua kwa starehe kila Jumamosi. Mtamkataza na yeye anayezalisha wake zenu?"

Watu wakacheka, wakanigeukia. Nilitamani tope linimeze.

Bi Siwema akaomba kusema. Hakupandisha sauti. "Mimi sina neno na mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mimi kitambaa changu nimekianua, nimekikunja, watoto wanakula ugali kwa chumvi. Nikikaa mlangoni nikamwona mtu anacheza na samaki yuleyule niliyemwachia akue, jamani, nitavumilia siku ya kwanza. Ya pili nitavumilia. Ya tatu nitaingia majini na mimi, na nikiingia mimi, mwanamke gani atabaki nje?"

Diwani akanitazama, akaniita kwa jina la kazi. Nikasimama. Nilijiona, Baba, kama siku ile uliponisimamisha kanisani nisome somo mbele ya mchungaji.

Nikasema, "Injini naitaka. Hapa hakuna anayeitaka kuliko mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayeshika mikono ya wake zenu wakati boti haipo. Mzee akitupa nitapiga magoti nimshukuru. Lakini kama ni lazima tuinunue kwa mlango wa mkondo, siwezi kuwaomba mkubali. Nikiwaambia kina mama wavumilie njaa ili wengine wacheze, kesho nikiwaambia waje kliniki hawataniamini. Na mimi ni mmoja wa hao wanaovua kwa starehe. Mkifunga, nifungieni na mimi."

Nikakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Mikono ikainuliwa, na mkondo ukafungwa kwa kila mtu.

Usidhani nilirudi nyumbani kwa furaha. Mzee wa Fimbo aliondoka siku hiyohiyo, uso umemshuka, na ahadi yake ikaondoka naye. Diwani alinipita njiani bila salamu. Lakini aliyeniumiza zaidi ni Hamisi. Alikuja kwa mama yake, akanikuta uani nachambua mchicha.

"Sista, wewe mwisho wa mwezi una mshahara wako," akaniambia. "Mimi umenikatia wangu mbele ya watu. Na mke wangu ana mimba."

Mama yake alimwambia, "Hamisi, na mimi niliinua mkono. Nigombeze na mimi." Hamisi akaondoka. Tangu hapo akiniona anageuza njia.

Mkewe anaitwa Zuhura. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Asubuhi moja, jua limeshapanda, waliniletea Zuhura akiwa na uchungu uliokwisha kumchosha. Nilimpima, nikampapasa tumbo mara mbili. Mtoto alikuwa amelala kikingamo. Hapo mkunga hana la kufanya, Baba. Ni kisu cha daktari, na mapema. Na maji yalikuwa yanapwa.

Nilitoka nje kutafuta mtu wa kumtuma, nikakuta sihitaji kutuma. Siku ya kawaida saa ile kijiji huwa kitupu, wanaume wote wako mikondoni. Lakini wale waliozoea kuvua kwenye mkondo wetu uliofungwa walikuwa kijijini, wengine wanashona nyavu, wengine wanacheza bao. Mmoja alikwishaanza kufungua injini ya boti yake mwenyewe ili aifunge kwenye yetu. Mwingine alikuwa anafukuza kuku. Mafuta yalitoka nyumba hii kikombe, nyumba ile chupa. Na Hamisi akaja mbio kutoka gatini, akaruka ndani, akashika usukani.

"Njia kubwa imekauka," akasema. "Tunapita mkondo uliofungwa, ndiyo njia fupi."

Alinitazama, mara ya kwanza tangu siku ile. "Sista, wewe mshike mke wangu. Maji niachie mimi."

Mara mbili tulikwama. Wanaume walishuka kwenye tope hadi mapajani, wakaisukuma boti kwa mabega, wanahesabu kwa Kindengereko kwa sauti moja. Zuhura alikuwa ameuma khanga yangu. Nilimwimbia wimbo wa mama, ule wa kupandia mpunga, kwa Kinyakyusa, bila kujua kama anasikia. Hamisi hakugeuka nyuma hata mara moja. Aliujua kila mchanga. Ile kazi ya wageni ilikuwa imemfundisha mikondo kuliko mtu yeyote kijijini, na hilo nilimwambia baadaye.

Nyamisati tulikuta gari limekwisha kufika, maana tulipoondoka mmoja alibaki juu ya gati ameinua simu mpaka ikashika. Hospitali walimpasua mara moja. Ni msichana, mzito, ana nywele za kusukwa tayari. Mama na mtoto wazima. Hamisi alikaa chini kwenye sakafu ya ukumbi, matope yamemkauka miguuni, akalia kama mtoto. Nami nikakaa kando yake nikalia.

Baadaye akasema, "Siku ile mkutanoni nilikuchukia, sista."

"Najua."

"Na kazi yangu bado naitaka."

"Hata mimi nataka uipate."

Akafuta uso. "Haya. Ahsante, Sista Lugano." Hakuwahi kuniita kwa jina kabla ya hapo.

Injini mpya hatujapata hadi leo, nisikudanganye. Lakini tangu siku ile wavuvi wamepangana wao kwa wao: kila siku boti moja yenye injini inabaki gatini kwa ajili ya zahanati. Hakuna aliyewalazimisha. Diwani naye amerudi kunisalimia. Anasema analifuatilia suala la injini halmashauri, na ingawa najua kura zinamsukuma, namwombea kura zimsukume kwa nguvu.

Wiki iliyopita mkondo ulifunguliwa. Mzee wa Fimbo alikuja, sikutegemea. Alisimama ukingoni na fimbo yake mkononi, akisubiri kina mama watangulie kuingia. Akamwambia Bi Siwema, "Mama, nilidhani mmenifukuza mimi."

Bi Siwema akamjibu, "Tulijifukuza wenyewe kwanza, baba. Karibu sasa." Kisha akamwita Hamisi aje amwongoze mgeni.

Vitambaa vilitoka vimejaa, Baba, mpaka kina mama wakawa hawaimbi tena, wanapiga vigelegele tu. Nami nilikuwa zahanati na foleni ya chanjo, nawasikia kwa mbali, nadunga sindano huku nacheka.

Nakushukuru, Tata. Ulipouza ng'ombe nisome unesi, watu walikwambia mtoto wa kike atakupotelea pwani. Sijapotea. Ndaga fijo. Namshukuru na mama kwa sala zake, najua ni nyingi na ndefu.

Nisalimie dada Tusekile, aliyebaki na mzigo wa shamba la mpunga, mwambie sijasahau. Shemeji fundi baiskeli, salamu zake. Mjomba mpiga kengele wa kanisa mwambie huku naamshwa na adhana na nimeizoea, asinikasirikie. Bibi mwambieni polepole, sikioni, kwamba nipo.

Mwalimu ana kifurushi cha uduvi mkavu. Mama aukaange na kitunguu, asiulinganishe na usipa wa kwetu. Bi Siwema ndiye aliyeufunga, na amekaa hapa pembeni yangu tangu nianze kuandika, ananisumbua niweke neno lake. Anasema hivi, nayaandika kama yalivyo: "Mwambie babako, alipokutuma huku alidhani anaipa serikali mtumishi. Alikuwa anatupa sisi mtoto. Tumempokea, na tunamtunza."

Wako mtiifu, akukumbukaye kila siku,

Lugano