Picha ya Kasuku Iliyokataliwa Chuoni

Nyumbani, nyuma ya studio,
Jumapili, baada ya ibada.

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na huo mgongo wako. Unaendeleaje? Ulipopiga simu mara ya mwisho ulisema umepona, lakini nilikusikia ukiguna kila ulipogeuka, kwa hiyo usinidanganye. Nenda kwa daktari. Sisi hatujambo kwa neema ya Mungu. Mama ni mzima, goti tu ndilo linalomsumbua asubuhi, ila ulimi wake haujambo kabisa. Shemeji yako naye yupo, anatengeneza saa za watu na kuchelewa kanisani.

Kazi ya studio inakwenda. Siku hizi watu wanajipiga picha wenyewe kwa simu, lakini wakitaka picha ya paspoti wanarudi kwangu wakiwa wapole. Binti yako, Kasuku wetu, ndiye ameshika kompyuta. Mkono wake ni mwepesi ajabu. Chunusi za bwana harusi, shati lililokunjamana, shangazi aliyefumba macho, yote anayarekebisha mpaka wateja wanamuulizia yeye na kunipita mimi mwenye studio.

Sasa nikueleze habari za chuo, maana najua nusu umeshazisikia kwa Mama, na Mama akisimulia hutia chumvi gunia zima. Kasuku amepokelewa chuo cha uuguzi. Ndiyo! Piga vigelegele hukohuko. Lakini ilibaki kidogo tu nafasi impite, na wewe baba yake unapaswa kujua kwa nini.

Unamjua yule mwimbaji wanayemwita Malkia? Kama humjui, una bahati. Hapa nyumbani tumeishi naye kama mpangaji. Tulijua alichovaa, alichokula, nani kamtukana mtandaoni na yeye kamjibu nini. Kasuku alisuka kama yeye, akatembea kama yeye, akaanza hata kucheka kama yeye, kiganja mdomoni. Picha yake aliibandika katikati ya kioo cha chumbani, ikawa sisi tukitaka kuchana nywele tunachungulia pembeni kama wezi.

Jioni tukisali kila mtu hutaja haja yake. Malkia alipougua koo na kuahirisha maonyesho, Kasuku alimwombea kila jioni kwa machozi. Shemeji yako, unamjua kwa sala ndefu, akajiunga naye. Tukawa nyumba nzima tunamsihi Mungu kwa ajili ya koo la mtu asiyejua hata kama tumezaliwa. Nilicheka moyoni. Sikuona kwamba mwanetu hajawahi kujitaja yeye mwenyewe hata mara moja.

Siku ya kuandikishwa chuoni alikwenda na picha aliyojitengenezea. Sikuikagua. Fundi kama yule, nimkague nini? Kumbe alikuwa ameipunguza pua, ameing'arisha ngozi, amekichonga kidevu, na lile baka la shavuni, lile mnalofanana nyinyi wawili, amelifuta lote. Mama wa dawati la kuandikisha akaitazama picha, akamtazama yeye, akaitazama tena. Akamuuliza kama ameleta picha ya dada yake kwa bahati mbaya. Hakuwa anatania hata kidogo. Akamwambia arudi na picha yake mwenyewe kabla ofisi haijafungwa, la sivyo nafasi inakwenda kwa anayefuata.

Alipoingia studio na kunieleza, niliwasha taa palepale, nikavuta kiti, nikamwambia keti upesi. Akakataa. Kukataa kabisa! Akaingia nyuma ya kitambaa cha bluu cha kupigia picha, akakaa sakafuni, akasema bora nafasi iende.

Nikapandisha sauti, wanijua. Nikamtajia masomo yake, nikamtajia wewe unavyovunjika mgongo huko, nikamtajia na marehemu mama yake, ambaye angeona fahari. Mwisho nikamuuliza, bado kwa ukali, mbona amemlilia Mungu kwa koo la Malkia na hajawahi kuomba lolote la kwake.

Akanijibu taratibu, bila hata hasira, "Shangazi, Malkia ni mtu. Mimi nimwambie Mungu nini? Kwamba na mimi nipo?"

Mdogo wangu, hebu fikiria. Mtoto tuliyemlea, tuliyempeleka kanisani tangu anabebwa, na moyoni anaona hana hata haki ya kutaja jina lake mbele za Mungu. Iliniuma sana. Inaniuma hata sasa ninavyoandika.

Nikaketi naye sakafuni katikati ya nyaya, nikafumba macho, nikaanza kumshukuru Mungu kwa ule uso, kipande kwa kipande, maana naujua, nimeupiga picha tangu haujaota jino. Nikashukuru kwa paji la Mama. Nikashukuru kwa macho ya mama yake. Nikashukuru kwa pua yetu ya ukoo, pana, inayopumua bila taabu, na hapo nikasikia mtu anajizuia kucheka. Nikafika kwenye baka. Nikasema, Bwana, hili uliliweka wewe, kwa nini sijui, ila mkono wako haukuteleza. Nikasema Mwanao alikwenda msalabani kwa ajili ya mwenye uso huu, akiujua hivihivi ulivyo, kabla haujarekebishwa na yeyote. Nilitaka kuendelea, akanishika mkono.

Akaendelea yeye. Sitakuandikia yote, ni yake na Mungu wake. Alianza hivi tu, "Bwana, ni mimi. Naomba unione." Kisha akalia kilio cha kweli, cha makamasi, si kile cha Malkia cha chozi moja linaloshuka vizuri. Nami nikamwacha alie, ingawa saa ilikuwa inatutupa mkono.

Alipomaliza akajifuta kwa upindo wa gauni langu, akaenda kukaa kwenye kiti mwenyewe. "Piga, Shangazi. Na usiguse kitu." Macho yamevimba, pua imeiva. Kwa kazi yangu ningesema tungoje kidogo. Nikapiga. Shemeji yako akaazima pikipiki ya jirani, akamkimbiza chuoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimeolewa naye akawahi mahali. Mama wa dawati aliitazama ile picha mara moja tu, akagonga muhuri, akamwambia karibu, binti.

Usidhani sasa tunaishi na malaika. Bado anamsikiliza Malkia, nami simkatazi, yule mama ana sauti, na Mungu ndiye aliyempa. Bado kuna asubuhi Kasuku anaamka na uzito, nasikia kimya chumbani, najua anajichunguza. Lakini ile picha ameihamishia ukutani, karibu na dirisha, na kioo sasa kinafanya kazi yake. Na jioni anajiombea. Juzi aliomba apate viatu vya chuo visivyobana, shemeji yako akaitikia amina kubwa mpaka jirani akagonga ukuta.

Tena ameanza kufundisha watoto kanisani. Leo katoto kamoja kalimshika shavuni kakamuuliza kama lile baka linauma. Nilikuwa mlangoni, nikapiga hatua kumfuata, maana zamani angetoka mbio. Akajibu bila hata kutafuta maneno, haliumi, nimefanana na baba yangu. Katoto kakataka kumwona huyo baba.

Mama anakusalimu sana na anasema ule, usiwe unakunywa chai tu na kujiita umekula. Shemeji yako anasema saa yako imepona, inakungoja. Mjomba fundi bomba na wanawe wote wanakusalimu, na wale kina mama wa kwaya bado wanaulizia sauti yako ya besi.

Nina jambo moja la mwisho, na si langu, ni la mwanao. Tulipotoka ibadani tulimwaga kasha zima la picha mezani tukutafute, apate ya kumwonyesha yule mtoto. Upo shuleni, upo harusini, upo na Kasuku mwenyewe mabegani. Na kote umeligeuza shavu lenye baka. Mimi ndiye niliyekuwa na kamera, na kila mara uliniomba nisimame upande wa pili, nikasimama. Kasuku alizipanga zote mstari mmoja, akazitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Shangazi, kumbe na Baba pia?"

Sikumjibu. Jibu ni lako. Tafuta mtu mwenye kamera huko, kaa, mtazame usoni bila kugeuka, kisha uitume hiyo picha kama ilivyo. Mwanao anaingoja.

Mungu aliyekuumba akakutazama na kupendezwa akulinde kazini na njiani, akuponye mgongo, akurudishe kwetu salama.

Mimi ni dada yako, nikupendaye mashavu yote mawili.