Barua Ambayo Baba Haikumbuki

Bagamoyo, 4 Machi 2024

Binti yangu Wahida,

Assalaam alaykum. Huku tupo, twamshukuru Mungu, tukitaraji nawe u mzima. Kwenye simu maneno hunipotea, kwa hiyo nimeandika. Shangazi yako Dija ataipiga picha barua hii akutumie huko Ifakara.

Bora uyasikie kwangu. Tumbo limejaa maji na macho yamekuwa ya manjano. Daktari anasema ini limekakamaa, kwamba homa ya ini imelila miaka mingi nami sina habari. Mchana nasinzia, usiku sipati usingizi. Juzi niliwasha jiko nikalitazama tu, sijui nilitaka kupika nini. Dija anasema ni uzee. Miaka thelathini nimefundisha injini za boti pale chuo cha uvuvi Mbegani, leo vifungo vya shati vinanishinda.

Usijisumbue kuja. Nakuarifu tu.

Babako,
Shamsudin


Ifakara, 6 Machi 2024

Baba, shikamoo.

Sisi hatujambo. Herman anakusalimu, ingawa hukumuulizia. Ni mwaka wa sita tangu tufunge ndoa bomani, na katika barua zako zote hujawahi kuandika jina lake. Lakini leo sikuandikii kwa ajili ya hayo.

Daktari umemweleza habari za kusahau, au umemwonyesha tumbo peke yake? Tafadhali mweleze. Mwandiko wako pia umenitia wasiwasi. Mistari ya mwisho imepanda juu, herufi zimepandana. Wewe ndiye uliyekuwa ukinichapa kwa mwandiko mbaya.

Nijibu upesi.

Mwanao,
Wahida


Bagamoyo, Jumanne, au siku iliyo karibu na Jumanne

Mwanabaraka mke wangu,

Salaam nyingi. Umekwenda wapi tangu alasiri? Maji yameingia sebuleni lakini hayalowanishi kitu. Samaki wadogo wanapita chini ya kitanda, nami nimewaacha, hawana kelele. Mikono yangu nikiinyoosha inapiga kama mabawa.

Wahida ameolewa leo. Usimwambie kwamba nilitoka. Nilivaa kanzu, nikapanda gari la kwenda harusini, nikafika Vigwaza nikashuka. Niliwaza, watu wa mjini watasema nini, Shamsudin amemtoa binti yake kwa Mkristo. Nikakaa kwenye benchi la muuza mahindi mpaka jua likawa jekundu. Harusi iko mbali, lakini niliisikia, Mwanabaraka. Niliwasikia wanawake wakipiga vigelegele, na sauti yako ilikuwamo.

Yule kijana si mbaya. Siku niliyomfukuza kofia yangu ilidondoka. Aliiokota, akaikung'uta vumbi, akanipa kwa mikono miwili. Sikumwambia ahsante.

Rudi kabla maji hayajafika dirishani.

Wako


Ifakara, 20 Aprili 2024

Baba, shikamoo.

Natumaini unaendelea vyema tangu nilipokuacha. Hospitalini hatukuzungumza sana, nami kuna mambo mawili nilishindwa kukwambia uso kwa uso.

Siku Dija aliponitumia ile barua uliyomwandikia marehemu mama, alikuwa anakuamsha huamki. Tulisafiri siku ileile. Daktari akatueleza kwamba ini lililochoka haliwezi tena kuisafisha damu, basi sumu itokanayo na chakula hupanda hadi kwenye ubongo. Choo kikifunga, huzidi. Si uzee, wala jini kama walivyosema majirani. Ndiyo maana unapewa ile dawa tamu ya maji, choo kiende mara mbili au tatu kwa siku. Usiiache hata ukijiona mzima. Na usinywe dawa ya usingizi.

Siku ya nne ulifungua macho ukaniita Wahida. Nilitoka nje nikalia.

La kwanza ni hili: tulikuja wawili. Siku zile tatu aliyekugeuza kitandani, aliyekuosha, ni Herman. Ulipoanza kuzinduka alisema, "Mimi ngoja nitoke. Asije akaniona akapandwa na hasira, bado mgonjwa." Akaenda kunisubiri kwa Dija.

La pili ni barua yenyewe. Dija atakupa. Nimekaa nayo mwezi mzima nikijiuliza kama ni ndoto za maradhi tu, kama wale samaki.

Mwanao,
Wahida


Bagamoyo, 11 Mei 2024

Wahida, na Herman mkwe wangu,

Assalaam alaykum nyote. Namshukuru Mungu, leo kichwa changu hakina ukungu, nami nimenywa dawa mbele ya Dija ili asinisumbue.

Barua nimeisoma. Sikumbuki kuiandika. Mwandiko ni kama wa mtu aliyekuwa akitikiswa. Nimemtafuta mtu huyo kichwani mwangu siku kumi na sijampata, wala sikumbuki hizo siku tatu. Nasikitika, kwa maana ningependa kukumbuka nani alikuwa ameshika mkono wangu.

Lakini Vigwaza nilifika. Hilo si maradhi. Nilikuwa na akili zangu zote nilipogeuka nyuma, na ndiyo maana naona aibu ambayo mgonjwa asingeiona.

Herman, ahsante. Uniwie radhi.

Daktari amenionya kwamba hali ile inaweza kurudi, ikaondoka, ikarudi tena. Basi naandika sasa, mkono umetulia. Siku nikiuliza ninyi ni nani, msibishane nami. Nionyesheni karatasi hii. Mwenye akili timamu ndiye aliyesema ninyi ni watoto wake, na mlango wa nyumba hii mwingie bila kubisha hodi.

Njooni mapema mwezi ujao, maadamu nawafahamu.

Baba yenu,
Shamsudin