Chai ya Wageni wa Kompyuta

Mama, nakusalimu kwa lugha yetu: mulembe.

Hapa Kitengela upepo ni ule ule wa kutuletea vumbi mezani, na mbuzi wa jirani yetu Mama Naserian bado wanatafuna nguo zetu kwenye kamba. Yeye bado ananisalimia langoni kwa Kimaasai kila asubuhi, "Supa!" Nami namjibu "Epa," ingawa sauti yangu haina nguvu kama yako. Niko sawa, Mama. Nalia nikiosha vyombo tu.

Nakuandikia kwa sababu ile warsha ya mtandaoni imekuja na kupita. Unaikumbuka? Ile ya wanafizikia, ya tabia za ajabu za umeme ndani ya semikondakta, zile nusu-kipitishi za kwenye simu na kompyuta, na ndani ya metali zinazopoozwa mpaka umeme upite bila kuzuiwa na chochote. Mwaka jana uliingia chumbani katikati ya mjadala na sinia ya vikombe, kimoja kwa kila uso uliouona kwenye kompyuta. Nilikunong'oneza kwamba wale wako mbali, wengine ng'ambo ya bahari. Ukakasirika. "Wako kwa nyumba yangu tangu asubuhi na hawajaulizwa hata chai? Watasema umelelewa wapi?" Kisha ukainama mbele ya kamera ukawasalimia, nami nikitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jioni, ukikata sukuma wiki, ukaniuliza hasa nasoma nini. Nikakueleza kwamba chembe ya umeme ikikutana na ukuta, wakati mwingine huonekana upande wa pili bila kuuvunja wala kuuruka. Ukaweka kisu chini.

"Bila kupiga hodi?"

Bila hodi, Mama.

"Basi hiyo haina adabu."

Safari hii ilikuwa zamu yangu kutoa mada, mara yangu ya kwanza. Tangu tukuzike nilikuwa sijaigusa kazi hiyo, na nilishaamua kujiondoa, hata kwenye masomo yenyewe. Sijui ni nini kilinikalisha kwenye kile kiti. Nilifunga mlango kama kawaida, halafu nikauangalia. Nani angeingia?

Nikaanza. Nilipofika kwenye ule ukuta, hesabu zote zikanitoka kichwani, nikajikuta nikiwaambia kwamba mama yangu anaiita chembe isiyo na adabu, inaingia bila hodi. "Anaiita," nilisema, kana kwamba uko jikoni. Wakacheka. Yule profesa mzee wa sweta la kijani, uliyemwambia amekonda, akauliza mbona leo mama hajaleta chai.

Nikawaambia. Sauti ilikatika, na haikuwa shida ya mtandao.

 Kisha yule mzee akainua kikombe chake mbele ya kamera. Mwingine akainua chake, na mwingine, wengine glasi za maji tu. Mama, wageni wako walikunywa. Nikajipangusa, nikamaliza mada yangu mpaka mwisho.

Lala salama, Mama. Nakuahidi kazi hii siiachi, na hakuna mgeni atakayekaa nyumbani kwako bila kukaribishwa chai, hata awe wa kompyuta. Sheria ya hodi pia iko pale pale, kwa watu wote.

Ila wewe ukija, ingia tu.

Mwanao,
Nekesa