Bendi Niliyokwenda Bila Radhi Yako

Mama yangu mpenzi,

Leo ni arobaini yako. Hitima inasomwa chini, nyumba imejaa watu, nami nimejifungia chumbani mwako kukuandikia kwa sababu mbele za watu sauti hainitoki. Mimi, ambaye Mji wa Kale mzima ulijua nikifanya mazoezi!

Unaikumbuka bendi ya kwanza? Mpiga ngoma alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa reli, tukipiga roki nyumbani kwao Ganjoni mpaka madirisha yakitetemeka. Ulikuja siku moja, ukakaa na buibui lako kwenye kiti cha plastiki, ukasikiliza nyimbo mbili nzima. Kisha ukaniuliza, "Mwanangu, ni nani alokuudhi?" Wenzangu walicheka mpaka wakaketi chini.

Hukuupenda muziki wangu, lakini hukunikataza. Sharti lako lilikuwa moja tu: nisiingie bendi yoyote kabla ya kukuomba radhi. Basi kila mara nilipiga magoti, ukanisomea dua, ukanipuliza utosini, ukasema, "Haya, nenda kapige makelele yako. Radhi unayo." Bendi ya pili ilikufa mpiga gitaa alipopata kazi Uarabuni. Ya tatu, hoteli ilitutaka tuimbe polepole wageni wapate kula, nikagombana na meneja. Ya nne na ya tano tulizivunja wenyewe kwa ujinga, kila mtu akitaka kuwa mkubwa. Ya sita ndiyo niliyoipenda hasa, nayo haikumaliza mwaka. Hukunicheka hata mara moja. Ulinichemshia tangawizi ukaniambia nilipumzishe koo.

Wakati huo sukari ilikuwa imeshakushika sana. Ukaniambia, "Sasa tulia, baba. Kaa na mimi." Wiki mbili baadaye bendi moja ya Nairobi ikanipigia: mwimbaji wao kaondoka, wananitaka mimi, na upesi. Nilijua nikipiga magoti utalia, na ukilia siendi. Nikangoja ujikokote kwenda sokoni Marikiti, nikabeba begi. Dada Mwanaisha nilimpigia nikiwa tayari ndani ya basi, akwambie. Simu zako sikuzipokea kwa haya. Nilijipa moyo kwamba nitakupigia tukishapata jina.

Jina tulilipata, kidogo. Nilikuwa jukwaani mchana, tukijaribu vyombo, Mwanaisha aliponipigia. Nilipofika Mombasa, wanaume walikuwa washarudi kutoka makaburini.

Mwanaisha amenieleza yote. Siku ile alipokupa habari, ulimkemea: "Mwongo wee! Yule hatoki kisiwani bila radhi yangu. Yuko Ganjoni na wenziwe." Kila mchana ukanifunikia chakula. Jirani aliyesema mtoto kakutoroka ulimfukuza barazani. Wiki saba, Mama, mpaka siku uliyokufa.

Dada anadhani ananifariji. Anasema kama hukuamini kwamba nimekwenda, basi hukunikasirikia, umekufa ukiwa radhi nami. Afadhali ungekasirika, ukanifokea, nikajua pa kuanzia kuomba msamaha. Bendi wananingoja, na mimi nikifungua kinywa kuimba nalia.

Mungu akurehemu, Mama. Umekufa ukinitetea kwa jambo nililolitenda kweli.

Kitinda mimba wako