Vijiko Vitatu vya Chavua ya Mbaazi

Morogoro, 3 Septemba 2023

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Natumaini nanyi hapo Chiwata hamjambo, na presha ya Mama imetulia. Ile chavua uliyokusanya kwenye mizinga ya nyuki tumeipima chuoni. Ya mbaazi inaongoza kwa viambata vinavyokinga chembe hai za mwili zisichakae. Ya mikorosho inafuata, ya mahindi ni ya mwisho. Mbaazi zetu zimeshinda, Baba!

Binti yako,
Oliva

Chiwata, 17 Septemba 2023

Binti yangu Oliva,

Marahaba. Hatujambo. Barua yako ilianza kwa adabu, ikaenda kwa mpangilio, ndivyo nilivyokulea.

Nimeyafuata majibu yenu. Kila asubuhi mama yako anakula vijiko vitatu vya chavua ya mbaazi. Vidonge vya hospitali nimevifungia kabatini tangu Jumatatu, kwa kuwa vilimletea kizunguzungu. Ananidhihaki, "Baba Oliva, mimi si mzinga wako!" Lakini anakula.

Baba yako

Morogoro, 22 Septemba 2023

Baba,

Isome sasa hivi. Simu zenu hazipatikani. Barua hii nimempa kondakta wa basi. Mrudishie Mama vidonge leo! Tulipima chavua ndani ya vichupa, hatukumpima mtu. Ni chakula, si dawa ya presha. Bila vidonge anaweza kupooza. Nakusihi.

Oliva

Hospitali ya Mkomaindo, 9 Oktoba 2023

Oliva,

Mama yako yu hai. Dada yako Magdalena amekwisha kukupigia simu, nawe umesema utafika Jumamosi. Naituma hii kwa basi uisome kabla hatujaonana, kwa sababu lipo jambo ambalo Magdalena halijui.

Barua yako niliipokea tarehe 25. Niliifungua, nikaona "Baba" haikufuatwa na salamu. Nikasema, "Chuo kimemharibu mtoto huyu," nikaikunja bila kuisoma. Mama yako akauliza, "Oliva anasemaje?" Nikamjibu, "Akijifunza kuamkia, nitakuambia."

Siku ya nne alianguka jikoni. Kijiko kilikuwa mkononi. Upande wa kulia hausogei. Barua niliisoma hapa, kwenye benchi la hospitali.

Vidonge sasa nampa mimi mwenyewe. Hawezi kutamka neno, ila kila nikiingia wodini ananitazama kama mtu anayesubiri jibu.

Ukiniandikia tena, usiniamkie. Anza na neno lenyewe.

Baba yako