Shimo la Shemeji Mwakio

Werugha, Jumamosi, 1956. Ukungu umelala mashambani tangu alfajiri, nami nimejibanza jikoni kwa dada yangu Wakesho nikiota moto kama paka. Moyo umetulia. Dhamiri ndiyo inayogeuka-geuka kidogo.

Nilipandishwa huku kutoka Voi na ujumbe mfupi wa dada: mumewe anabomoa shamba.

Shamba lenyewe ni la ngazi, kama yote ya mlimani hapa. Kila kipande kimeshikwa na ukuta wa mawe uliojengwa na mababu. Ukuta ukienda, mvua ya kwanza itaupeleka udongo kwa jirani wa chini, naye hana desturi ya kuurudisha. Na mawingu ya vuli yameshaanza kukusanyika.

Shemeji Mwakio aliona kitu cha manjano kikimetameta katika jiwe jeupe la ukuta. Akang'oa nusu ya ukuta, kisha akaanza kuufuata mwamba ulio nyuma yake.

Mimi naijua dhahabu kiasi cha kuharibu mambo tu. Bwana mmoja anayepima miamba alikaa Voi majuma kadhaa, na kwa kuwa ni mimi niliyempakilia masanduku yake ya mawe stesheni, nilimchosha kwa maswali. Alisema chini sana ardhini kuna maji ya moto yanayobeba dhahabu kama chai inavyobeba sukari. Yakipanda katika nyufa hupoa, yakaiacha dhahabu humo pamoja na lile jiwe jeupe. Huo ndio mshipa. Wataalamu huigawa mishipa kwa kina na joto la mahali ilipozaliwa: ya chini kabisa, ya katikati, na ya karibu na juu.

Jana nililigonga jiwe la shemeji kwa nyundo mbele yake. Dhahabu ikigongwa hulala bapa. Hii ilibanduka vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu.

Ulanga mtupu, jiwe la kung'aa tu lisilo na bei.

Hapo ningenyamaza. Lakini mtu aliyejifundisha mwenyewe hapati wasikilizaji kila siku, nikamweleza yale madaraja matatu.

"Kumbe hii ni ya juu tu, shemeji," akasema, akatemea mate viganja. "Yangu iko chini kabisa." Akashika sururu.

Dada akaniangalia. "Kaka, nilikuita umzuie. Wewe umemwongezea shimo."

Leo asubuhi majirani walikuja na majembe. Dada alikuwa amepika mbangara, na huku ukiwa na pombe ya miwa chunguni na kazi shambani, watu hawaulizi mara mbili. Mwakio akakataa kutoka shimoni.

"Toka tufukie, Mwakio," jirani mmoja akamwita, "ama tukufukie humo humo. Mbangara haingoji!"

Wote wakacheka isipokuwa yeye.

Nikashuka shimoni. Nikamwambia kuna daraja la nne ambalo sikulitaja. Mvua hula mwamba miaka na miaka, maji yakashuka na dhahabu, nayo kwa uzito wake huzama pale mto unapopunguza mwendo. Ya namna hiyo haitaki sururu. Mtu huingojea chini, na karai la kuoshea mchanga. Yote hayo ni kweli. Niliongeza kwamba yule bwana hakuona dalili ya dhahabu mlima huu. Hilo nalo nililisema, mara moja, kwa sauti ya chini, watu wakiwa wanaimba.

"Kwa hiyo mvua ndiyo itanichimbia?"

"Kama ipo, shemeji."

Akatoka.

Ukuta umesimama kabla mbangara haijaisha, jambo lisilo la kawaida. Mawe ya juu ameyapanga Mwakio mwenyewe, na hakuna aliyeyapanga vizuri kumshinda. Kabichi za dada zina pa kusimama.

Sasa ni jioni na matone ya kwanza yanagonga paa. Kupitia mlangoni namwona shemeji akishuka kuelekea mferejini, maji ya mlima yanakopita, karai kichwani, anapiga mluzi.

Je, nimemponya, au nimemhamisha tu?